Octave Mirbeau: aliuza kalamu zaidi ya miaka kumi, akaja kuilipia jukwaani

Msomaji wetu mmoja anauliza: "Mwalimu shikamoo. Naandika habari gazetini, nashinda kwenye vikao vya madiwani na mahakamani, ila roho yangu iko kwenye tamthilia. Kuna mtu kaniambia nimsome Mfaransa anaitwa Octave Mirbeau maana alikuwa mwandishi wa habari na wa tamthilia. Nimetafuta habari zake nimechanganyikiwa. Sehemu moja naambiwa aliendesha gazeti la chuki dhidi ya Wayahudi, nyingine naambiwa alimtetea Dreyfus. Ni mtu mmoja kweli? Na je gazeti lilimsaidia au lilimpotezea muda?"

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, ni mtu mmoja huyohuyo, na aliyekuambia umsome kakutakia mema sana. Nimefundisha tamthilia za Kifaransa kwa miaka mingi na huyu ndiye ninayemrudia kila nikipata mwanafunzi anayetokea kwenye chumba cha habari. Sitamsafisha hapa. Nitakueleza alivyochafuka na alivyotoka, maana ukiruka hiyo sehemu hata tamthilia zake hutazielewa.

Swali lako la pili nalijibu kwanza kwa kifupi halafu tutaliona njiani. Gazeti lilimchelewesha kweli, tamthilia yake kubwa ya kwanza ilipopanda jukwaani alikuwa na miaka 49, na ile iliyompa jina duniani ilikuja akiwa na 55. Lakini kila alichokiweka jukwaani alikiokota gazetini, watu wake wote, maneno yao, hadi ule ujuzi wa kumfanya mkubwa aongee mpaka ajianike mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1848 Trévières kule Normandie, akakulia kijiji cha Rémalard, baba yake tabibu, babu zake wote wawili manotari, yaani familia ya watu wanaoheshimika kijijini. Akiwa na miaka 11 wakampeleka bweni kwenye shule ya mapadri wa Kijesuiti mjini Vannes, na mwaka 1863 akafukuzwa ghafla mwaka wa masomo haujaisha. Mwaka 1890 alitoa riwaya ya Sébastien Roch, inasimulia mtoto wa shule kama hiyohiyo anayenajisiwa na padri mwalimu wake kisha anafukuzwa yeye kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Magazeti yalikaa kimya karibu yote. Fikiria mtu anaandika jambo hilo mwaka 1890, wakati hakuna aliyekuwa tayari hata kulitamka. Mimi kila nikiisoma nasimama katikati, siwezi kuimaliza kwa mkao mmoja.

Vita ya 1870 na Wajerumani aliipigana kwenye jeshi la Ufaransa la Loire, akaona askari wenye njaa wanaburuzwa huku na huku na maofisa wasiojua wanakokwenda. Hayo aliyaandika kwenye riwaya yake ya kwanza aliyoitoa kwa jina lake, Le Calvaire, mwaka 1886, na ile sura ya vita Juliette Adam aliyekuwa na jarida lililochapa riwaya hiyo alikataa kuichapa. Kitabu kilipotoka watu wakamwita msaliti wa taifa.

Sasa angalia, nimesema riwaya ya kwanza kwa jina lake. Kabla ya hapo alikuwa anawaandikia watu wengine, wanamlipa, kitabu kinatoka kwa jina la aliyelipa. Na gazetini ilikuwa hivyohivyo. Alifika Paris mwanzoni mwa miaka ya 1870 kama katibu wa mwanasiasa mmoja wa kwao Orne, Dugué de la Fauconnerie, mtu wa kambi ya Bonaparte, yaani waliotaka ukoo wa Napoleon urudi madarakani, na kijana anaanza kuandika kwenye gazeti la kambi hiyo, L'Ordre de Paris. Mwaka 1877 akapata cheo kwenye ofisi ya mkuu wa mkoa kule Ariège kusini, akaandikia gazeti la huko, kisha akarudi Paris kwenye Le Gaulois la Arthur Meyer, gazeti la waliotaka ufalme urudi. Anayelipa leo ndiye anayeandikiwa leo. Mwenyewe baadaye alilifananisha hilo na kujiuza mwili, na aliposema hivyo hakuwa anatafuta huruma ya mtu, alikuwa anaieleza kazi ilivyo. Wewe uko chumba cha habari unajua ninachosema, bahasha zinapita, makala inaagizwa na mtu ambaye jina lake halitatokea popote.

Kuna kisa kimoja cha kipindi hicho ambacho lazima ukijue. Mwaka 1885 Le Gaulois lilichapa barua kutoka India, zimesainiwa jina la Nirvana, mwandishi anaeleza bandari, joto, mahekalu, mazungumzo na wakubwa wa Kiingereza. Mwandishi alikuwa Mirbeau na India hakukanyaga hata siku moja, alikuwa amekaa Ufaransa anasoma ripoti za mtu mwingine aliyesafiri. Kwa mwandishi wa habari hilo ni kosa kubwa, wala usijaribu. Ila ukizisoma unaona tayari kuna mtu anayejua kutengeneza sauti, kuweka watu mahali na kuwapa maneno.

Na sasa lile doa. Mwaka 1883 alikuwa mhariri mkuu wa kagazeti ka kila wiki kaitwako Les Grimaces, jalada rangi ya moto, kazi yake kuvua watu nguo hadharani, mawaziri, mabenki, wanasiasa wa Jamhuri. Mengi yaliyosemwa mle kuhusu rushwa yalikuwa ya kweli. Ila pamoja na hayo kulikuwa na chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi, na hiyo haikuwa maneno mawili matatu yaliyoteleza, ilikuwa msimamo wa gazeti. Kagazeti kenyewe kalidumu miezi michache tu, kuanzia Julai 1883 hadi Januari 1884. Mtu asikwambie eti ndivyo zama zilivyokuwa tuyaache. Yeye mwenyewe hakuyaacha.

Maana mwanzoni mwa 1885, mwaka mmoja baada ya kagazeti kufa, aliandika kwenye gazeti la La France makala ya kukiri kwamba alikosea kuhusu Wayahudi. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ametoka kwenye mapenzi yaliyomvunja vibaya, akakimbilia Audierne, kijiji cha wavuvi Bretagne, akakaa miezi kadhaa na mabaharia na maskini wa pwani, na aliporudi Paris katikati ya 1884 akaanza upya. Kuanzia hapo ndiyo unamuona Mirbeau tunayemsoma leo, anasogea upande wa wanaharakati wasiotaka dola wala kanisa wala jeshi. Tarehe 28 Novemba 1888 akachapa ndani ya Le Figaro, gazeti la matajiri, makala inayoitwa Mgomo wa Wapiga Kura, anamwambia mwananchi kwamba kondoo anayekwenda machinjioni angalau hampigii kura mchinjaji. Makala ile ilisambazwa nchi nyingi na wanaharakati kama kijitabu.

Halafu Dreyfus. Kwa asiyejua, kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, mwaka 1894 alihukumiwa kwa kosa la kuwauzia Wajerumani siri za jeshi, kosa ambalo hakulifanya, akafungwa Kisiwa cha Shetani kule Guyana. Mwandishi wa riwaya Émile Zola alimtetea kwa ile barua ya J'accuse ndani ya gazeti la L'Aurore tarehe 13 Januari 1898, akashtakiwa, akahukumiwa, akakimbilia Uingereza. Mirbeau alikuwa ameshaingia kwenye kesi hiyo tangu mwisho wa 1897. Na Zola huyu Mirbeau alimshambulia vibaya mwaka 1888 alipokubali nishani ya serikali, aliandika makala ikiitwa Mwisho wa Mtu. Lakini Agosti 1898 mahakama ilipomdai Zola faini na gharama, jumla faranga 7,525, aliyekwenda kulipa kutoka mfukoni mwake ni Mirbeau, bila kelele. Akaandika L'Aurore makala baada ya makala, akasafiri mikoani kuhutubia mikutano ambayo wapinzani walikuja na fimbo, mwaka 1899 akaenda Rennes kufuatilia kesi ya pili ya Dreyfus.

Wapinzani wakafanya kile ambacho na wewe umekifanya kwa nia njema, wakafukua yale ya Les Grimaces wakamrushia usoni. Novemba 1898 akawajibu kwenye L'Aurore. Hakusema alinukuliwa vibaya wala hakumsukumia lawama mwenye gazeti. Alikiri kwamba aliyaandika, na akaeleza kwamba ni vigumu sana kujivua mambo uliyojazwa tangu utotoni na familia, mapadri na shule, na kwamba yeye kila hatua aliyofanikiwa kuitoka anaiona ni faida. Kwa hiyo zile habari mbili ulizozikuta hazigombani, ni mtu yuleyule mwanzoni mwa njia na katikati ya njia. Na nyongeza: mwaka 1908 tamthilia yake ya mwisho kubwa aliiandika pamoja na Thadée Natanson, Myahudi, rafiki yake kutoka jarida la La Revue blanche.

Kabla sijaingia jukwaani, alikuwa pia na jicho kwenye sanaa ambalo sijui wangapi walikuwa nalo. Mchoraji Monet na mchongaji Rodin walikuwa marafiki zake na aliwapigania miaka yote. Mchongaji Camille Claudel, Mirbeau alimwita mtu wa kipaji kikubwa wakati wengine wanamuona tu mwanafunzi wa Rodin. Maurice Maeterlinck, mwandishi wa tamthilia Mbelgiji, kijana asiyejulikana, aliamka siku moja Agosti 1890 akakuta anajulikana Ufaransa nzima kwa sababu Mirbeau kamlinganisha na Shakespeare kwenye ukurasa wa kwanza wa Le Figaro. Na mwaka 1891, miezi michache tu tangu mchoraji Van Gogh afe bila watu kumjali, Mirbeau aliandika juu yake na akanunua picha zake, ikiwemo ile ya maua ya irisi, kwa mamia machache ya faranga. Picha hiyo mwaka 1987 iliuzwa New York dola milioni 53.9.

Haya, jukwaa. Hapa ndipo utamu ulipo.

Uhusiano wake na waigizaji ulianza kwa vita. Oktoba 1882 aliandika Le Figaro makala inayoitwa Mwigizaji, anawadharau waigizaji kwa maneno makali mno, kwamba jamii inawaabudu watu wanaovaa nafsi za wengine. Waigizaji wa Paris wakakusanyika kwa hasira na Le Figaro likaachana naye. Miaka mitano baadaye, 1887, akamuoa Alice Regnault, aliyekuwa mwigizaji, ndoa wakaifungia London. Na miaka kumi baada ya ndoa, tarehe 15 Desemba 1897, Sarah Bernhardt mwenyewe, nyota wa jukwaa wa zama zile, na Lucien Guitry wakawa wanaigiza tamthilia yake ya Wachungaji Wabaya kwenye ukumbi wa Renaissance.

Hiyo ni tanzia ya mgomo wa wafanyakazi kiwandani, kiongozi kijana Jean Roule na mpenzi wake Madeleine, inaisha kwa risasi na maiti na hakuna jua linalochomoza. Wachungaji wabaya ni nani? Ni wenye viwanda, lakini pia ni wabunge wa kisoshalisti na viongozi wa mgomo wenyewe, kwa hiyo kila upande ulitoka ukumbini umenuna. Maoni yangu ni kwamba ina hotuba nyingi. Watu wanaongea kama tahariri. Mwandishi wa gazeti akihamia jukwaani hilo ndilo shimo la kwanza analotumbukia, kila mhusika anageuka msemaji wa hoja, na mwenyewe Mirbeau baadaye hakuipenda kazi hii.

Alichojifunza pale unakiona kwenye Biashara ni Biashara, kwa Kifaransa Les affaires sont les affaires. Hii hata kabla ya kuigizwa ilizua vurugu. Aliipeleka Comédie-Française, ukumbi wa taifa wa tamthilia pale Paris, mwaka 1901, na wakati huo kazi mpya zilipitiwa na kamati ya waigizaji wa ukumbi wenyewe, ndugu wa wale aliowatukana 1882. Wakaipokea kwa masharti ya marekebisho. Akagoma kurekebisha hata mstari, magazeti yakawaka moto, na Oktoba mwaka huohuo kamati ikafutwa, maamuzi akaachiwa mkurugenzi Jules Claretie peke yake. Tarehe 20 Aprili 1903 pazia likafunguliwa, Maurice de Féraudy akiwa Isidore Lechat, na ikawa ushindi ambao Mirbeau hakuwahi kuuona, ikaenda Ujerumani, Urusi, Marekani.

Lechat ni tajiri aliyetoka chini, ana kasri, mashamba, gazeti lake binafsi, anataka na ubunge, na kwake hakuna kitu kisichokuwa na bei. Jirani yake mwenye cheo cha kikabaila, marquis de Porcellet, anadaiwa naye hela, basi Lechat anataka deni liishe kwa binti yake Germaine kuolewa na mtoto wa marquis. Binti anakataa mbele ya wote, anasema ana mpenzi wake, kijana mkemia aliyeajiriwa na baba, na anaondoka nyumbani na mkono mtupu. Hapo hapo inaletwa habari kwamba Xavier, mtoto wa kiume, kipenzi cha baba, kafa kwenye ajali ya gari. Baba kavunjika, analia, hawezi hata kusimama sawasawa. Sasa wapo mle ndani mainjinia wawili waliokuja kufanya naye mkataba wa umeme wa maporomoko ya maji, wanaona nafasi, wanamsogezea karatasi asaini, kipengele kimoja wamekigeuza. Na Lechat, machozi bado yako shavuni, anakisoma, anakigundua kile kipengele, anawaburuza mpaka wanaandika anavyotaka yeye, halafu ndiyo anakwenda kwa maiti ya mwanawe.

Nimeona onyesho hilo likiigizwa na nimewafanyisha wanafunzi mara nyingi, na kila mara ukumbi unanyamaza kabisa, kwa sababu mtazamaji anamchukia na anamhurumia kwa pamoja. Hapo hakuna hotuba hata moja. Na huyu Lechat alitoka wapi? Alitoka kwenye hadithi fupi ya Mirbeau iliyoko ndani ya kitabu chake cha 1885, Lettres de ma chaumière. Alikaa naye karibu miaka 18. Ndivyo alivyofanya kazi zake nyingi, habari ya kurasa mbili za gazeti inakuwa sura ya riwaya, kisha inakuwa onyesho. Riwaya ya mjakazi, Le Journal d'une femme de chambre ya 1900, nayo ilianza kutoka vipande vipande gazetini mwaka 1891. Kwa hiyo makala zako za zamani usizitupe.

Jambo jingine alilolipata gazetini ni mahojiano ya kubuni. Alikuwa anaandika mahojiano na waziri au jenerali au mshairi mkubwa ambayo hayakufanyika, wasomaji wanajua ni ya kubuni, na mkubwa huyo anaongea tu, anajisifu, anaeleza mantiki yake hadi mwisho, na mwandishi anaitikia kwa adabu. Mtu hajaulizwa swali gumu hata moja na keshajimaliza. Ukishakuwa na mkono huo, dialogia ya jukwaani umeshaiweza.

Le Foyer, ile tamthilia ya 1908 aliyoandika na Natanson, ilimpeleka mahakamani. Inahusu makao ya hisani ya wasichana maskini, msimamizi wake ni Baron Courtin, seneta, mtu wa heshima na maadili, anayekula fedha za makao, na binti mdogo mmoja anakufa kwa kufungiwa kabatini kama adhabu na kusahauliwa, na serikali inashirikiana kulifunika. Machi 1908 Claretie akasimamisha mazoezi. Mirbeau na Natanson wakashtaki wakashinda, na tarehe 7 Desemba 1908 ikaigizwa Comédie-Française, huku mikoani baadhi ya mameya wakiizuia.

Kwa wenzetu wa Kongo niongeze hili. Mwaka 1907 alitoa kitabu cha safari ya gari, La 628-E8, jina ni namba ya gari lake, na akipita Ubelgiji kuna kurasa alizoziita mpira mwekundu, anatazama mpira uliowekwa dukani na anachokiona ni damu ya watu weusi wanaouawa ili upatikane. Mfalme Leopold wa Pili alikuwa bado anaimiliki Kongo wakati huo.

Alifariki Paris tarehe 16 Februari 1917, siku aliyotimiza miaka 69, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imemkatisha tamaa. Siku tatu baadaye gazeti la Le Petit Parisien likachapa wosia wake wa kisiasa, uliotolewa na mjane wake, mzee anahubiri taifa na jeshi, kila alichokipinga maishani. Ulikuwa wa bandia, umeandikwa na Gustave Hervé, mpinga vita wa zamani aliyegeuka mzalendo, na marafiki kama Léon Werth walisimama kuukanusha. Mtu aliyeanza kwa kuwaandikia wengine, akamalizikia kuandikiwa na mwingine. Mpaka leo linaniuma.

Wewe usianze na Lechat. Anza na L'Épidémie ya 1898, ni sehemu moja tu, unaisoma kwa saa moja. Ni kikao cha baraza la mji, homa ya matumbo imeingia kambini, wanajeshi wanakufa, na madiwani wanajadili kwa utulivu mkubwa kwamba kufa ni kazi ya askari, hela haipo. Kisha inaletwa barua, kafa raia mmoja mwenye mali yake, na palepale wanatetemeka na kuanza kupitisha mamilioni. Ukiisoma chukua daftari lako la vikao vya mwezi uliopita uliweke pembeni. Ukishaandika onyesho lako la kwanza niletee nilisome, nina hamu nalo kwelikweli.